Mshika Ubao wa Kishada

Ukifika kwenye gereji ya pikipiki iliyo nyuma ya ghala la saruji, usimwite fundi kwa lile jina ulilolisikia mtaani. Utaita mpaka koo likukauke. Atakuwa ameinama palepale juu ya mnyororo wake, kimya, kana kwamba anayeitwa ni mtu wa mtaa wa pili. Mwite fundi, mwite mzee, mwite hata "hee, wewe", atageuka na kukusikiliza. Lakini ukisema "Bado Moja", basi jua pikipiki yako itakuwa ya mwisho kuguswa siku hiyo, na usimlaumu mtu.

Vijana wa kusambaza mizigo wanalijua hilo, na ndiyo maana hawaachi. Mmoja atauliza kwa sauti, "Fundi, boliti zimeisha?" na mwenzake atadakia kutoka kwenye benchi, "Bado moja!" Hapo watacheka mpaka washikane mabega. Wengine walikuwa bado wananyonya jambo lenyewe lilipotokea. Wanachokijua ni ile picha tu: mwanamume amening'inia nusu mwili juu ya ukuta, mdomo wazi, ubao mikononi, kitambaa chekundu kinapepea. Picha hiyo imezunguka kwenye simu mpaka imekuwa ya kumchekea kila aliyezubaa. Umesahau funguo ndani? Unatumiwa Bado Moja. Umefika kituoni basi limeondoka? Bado Moja. Watu hawana haya, jamani! Wanaicheka sura ya mtu aliye hai, anayewafungia breki zao.

Basi ngoja nieleze, maana wasemaji ni wengi na waliokuwepo ni wachache.

Miaka hiyo fundi hakuwa mtu wa kuziba pancha. Alikuwa kwenye timu ya mashindano, zile mbio kubwa za pikipiki, ambako madereva wanalipwa mshahara na tairi zinavalishwa blanketi za umeme zisipoe. Alikuwa akifungua mota na kuifunga tena huku anapiga mluzi. Na juu ya ufundi huo alikuwa na kazi nyingine, ambayo yeye mwenyewe aliipenda kuliko zote: alikuwa mshika ubao.

Dereva wa gari la mashindano ana redio sikioni, wakubwa wake wanamnong'oneza njia nzima. Dereva wa pikipiki, miaka ile, hakuwa na kitu. Ndani ya helmeti alikuwa peke yake na ngurumo ya mota. Aliyemwambia yuko wa ngapi, anayemfuata yuko mbali kiasi gani na mizunguko mingapi imesalia ni yule mtu aliyesimama kwenye ukuta wa piti, mahali timu zinapohudumia pikipiki, kando ya barabara, akimnyooshea ubao kila anapopita. Ubao wenyewe ni bati jeusi lenye mifereji ya kuchomekea vibao vya njano. Mstari wa juu ni nafasi, wa kati ni sekunde, na wa chini umeandikwa BADO, kisha unachomeka idadi ya mizunguko. Dereva anachungulia pembeni ya kioo chake mara moja tu, keshapita.

Watu hudhani ni kazi ya kitoto. Nenda ukasimame pale wewe! Upepo unataka kukupokonya ubao, jua linakupiga utosini, pikipiki zinapita zikikutikisa mifupa, na vidole vyako vinatafuta namba sandukuni bila macho kuzitazama. Ukichelewa kuinua, mwenzako amepita kipofu. Fundi hakuwahi kuchelewa.

Na dereva aliyekuwa akimshikia ubao huo hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mke wake, kijana mwepesi kama karatasi ambaye kila mtu alimwita Kishada. Kishada alilala kwenye kochi la fundi tangu siku aliyofukuzwa shule. Fundi ndiye aliyempandisha pikipiki ya kwanza, ndiye aliyemkokota hadi kwa meneja wa timu akasema, "Bosi, mjaribu huyu, akikuangusha unifukuze mimi." Kishada hakumwangusha mtu. Kwenye kona alikuwa akilala chini mpaka kiwiko kinasugua lami, na watazamaji wanashika vichwa.

Mke wa fundi naye alitia lake. Alikata kitambaa chake chekundu cha kichwani, akafunga kipande kwenye pembe ya ubao, mdogo wake autambue kati ya mbao za timu nyingine zinazopangana pale ukutani. "Ukiona nyekundu," alimwambia, "jua ni nyumbani." Kishada naye akaweka ishara yake. Kila alipousoma ubao, alitoa mguu wa kushoto kidogo kwenye kikanyagio na kuurudisha. Maana yake, nimekuona, shemeji. Fundi akiuona mguu ule, moyo ulikuwa unamtulia, anashuka kwenda kubadilisha namba.

Timu ilikuwa na dereva mwingine, wakimwita Mtoto wa Oili, kwa kuwa baba yake ndiye mwenye kampuni ya oili iliyoandikwa kwenye tangi, kwenye helmeti, kwenye mashati, mpaka kwenye kibanda cha choo. Haki yake nimpe, kuendesha alijua. Ila Kishada alimzidi, na kila mtu gerejini alilijua hilo, pamoja na baba mtu, na ndiyo iliyokuwa shida.

Msimu ule ukafika ukingoni. Ikabaki mbio moja, na ubingwa umebaki baina ya hao wawili: atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa. Asubuhi ya mbio, meneja alimvuta fundi kando ya lori la vipuri. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, ambaye hakuwahi kumfokea mtu, na kwa hiyo kila mtu alimwogopa. Akampa kibao kipya cha njano kilichofungwa gazetini. Kilikuwa na neno moja: ACHIA.

Kule kila mtu anajua maana yake. Mwenzako yuko nyuma, mpishe.

"Nikikwambia toa, unatoa," meneja alisema.

"Sawa, bosi," fundi akajibu. Sawa hiyo ilikuwa ya mdomoni. Moyoni alishaamua kwamba kibao hicho hakitauona mwanga wa jua, liwalo na liwe. Akakitumbukiza chini kabisa ya sanduku la namba, juu yake akamwaga vibao vingine vyote, akaenda kupima upepo wa tairi.

Kwa nini hakumwambia shemeji yake? Hilo swali amejiuliza mpaka limechakaa. Meneja alikuwa hawapi nafasi, hilo moja. Lakini kubwa ni desturi yao: asubuhi ya mbio, dereva haambiwi kitu. Haambiwi mtoto ana homa, haambiwi nyumba imevuja, hata kama ni kweli. Neno ukimtia dereva kichwani asubuhi, linaingia naye kwenye kona. Kwa hiyo fundi alinyamaza, na wala hakuona taabu. Alijiambia, huyu ni mtu niliyemlea, ananijua.

Hakujua kwamba Kishada, akitafuta glavu zake, alishafunua lile sanduku. Alikiona kile kibao. Akalisoma lile neno. Akafunika, akavaa helmeti, naye akanyamaza. Hapo ndipo palipoharibika, na asiniambie mtu kwamba ni pengine.

Mbio zikaanza. Kishada alichomoka kutoka mstari wa pili, kabla ya nusu ya mbio akawa anaongoza, na Mtoto wa Oili kamng'ang'ania nyuma kama kupe. Mwanzoni mguu wa kushoto ulikuwa ukitoka vizuri. Ubao juu, mguu nje, ubao chini. Baadaye mguu ukaacha kutoka. Fundi akadhani ni uchovu. Akainua ubao juu zaidi, akautikisa. Kishada akapita ameinamia tangi, helmeti haikugeuka hata kidogo. Mzunguko uliofuata, vilevile. Akapita kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

"Toa kile kibao," meneja akasema nyuma yake.

"Bado, bosi. Mizunguko bado ipo."

Pikipiki zikapita tena.

"Toa, nimesema."

Fundi aliingiza mkono sandukuni, akakipata, akakitoa. Akakiweka gotini, akakivunja vipande viwili, akavitupa kwenye pipa la mafuta machafu. Mafuta yakavimeza. Meneja alitazama pipa, akamtazama fundi, akaondoka akiwa ameweka mikono nyuma. Fundi alijua ameshamwaga unga. Lakini nakwambia, mwili ulimwia mwepesi! Alichomeka namba zake akitabasamu peke yake: nafasi ya kwanza, na chini, BADO 1. Akaunyoosha ubao mpaka mabega yakalia, kitambaa kinapepea, namba imetulia pale, kubwa, ya njano, anaweza kuisoma hata asiyejua kusoma.

Kishada alipita mstari na kusimama juu ya vikanyagio. Akainua mkono. Akapiga ngumi hewani. Akageukia majukwaa, akaanza kuwapungia watu.

"Bado moja!" fundi akapiga kelele. "Bado moja! Wewe! Bado moja!" Akapanda juu ya ukuta, marufuku kupanda, akaning'inia na ubao, akaupunga kama kichaa. Mtoto wa Oili akapita. Wa tatu akapita, wa nne akapita, wa tano akapita, na Kishada bado anabusu glavu yake na kuitupia umati. Hapo ndipo mpiga picha, asiyekuwa na kazi nyingine, alipomgeukia fundi. Kwenye picha ubao umelala upande, jua limeupiga, namba haionekani. Kinachoonekana ni mtu aliyeshtuka akiwa amechelewa.

Kishada alirudi gerejini akiwa wa tano. Waandishi wakamzunguka. Alikuwa bado anahema, jasho linamwingia machoni. Wakamuuliza, ilikuwaje bingwa? Akatazama chini, kisha kwa macho makavu akasema, "Ubao haukuniambia."

Fundi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ubao mkononi. Alisubiri shemeji yake ageuke. Hakugeuka. Meneja naye, akiulizwa, alisema kwa upole wake kwamba makosa ya kibinadamu hutokea na mhusika hataendelea na timu. Angesema nini kingine? Angesema kwamba alitaka mbio zipangwe, na fundi akamkatalia? Ikawa hivyo. Mmoja alificha njama yake, mwingine alificha aibu yake, na fundi akatolewa kafara kwa wote wawili.

Kishada alikuja nyumbani siku iliyofuata, mchana, akiwa amevaa kofia imemfunika uso. Mke wa fundi alikuwa jikoni anachambua mchele. Chumba cha pili mama yao, mama mkwe wa fundi, alikuwa kitandani na televisheni yake kwa sauti ya juu, maana sikio moja lilishamwacha. Kishada alikaa kwenye meza ya jikoni, akaanza kuchezea kifuniko cha chumvi.

"Sikuangalia," alisema.

"Hukuangalia nini?" dada yake akauliza.

"Ubao. Nilikiona kile kibao asubuhi, dada. ACHIA. Nikasema, nisipokiona, hakuna wa kuniambia nimekaidi. Kwa hiyo nikaacha kuangalia. Nilikuwa nahesabu mwenyewe kichwani. Dereva mmoja alipoanguka kwenye kona ya pili na bendera za tahadhari zikatoka, nikachanganya hesabu. Nikaongeza mzunguko mmoja ambao haukuwepo."

Fundi alikaa kitako. "Kwa hiyo ulidhani mimi nitakutolea ACHIA?"

"Wewe ni mwajiriwa, shemeji."

"Ulidhani mimi?"

"Sasa ningejuaje?"

Nasema ukweli, fundi angeweza kusamehe ubingwa uliopotea. Kazi iliyopotea nayo angeisamehe. Lakini lile neno lilimchoma, na mpaka leo halijatoka. Kijana aliyelala kwenye kochi lake, aliyekula sahani moja na yeye, alipouona ubao wenye kitambaa cha nyumbani akafumba macho akidhani anasalitiwa.

"Nilikivunja," fundi alisema. "Nilikivunja kwa goti langu, mbele ya bosi. Kamuulize."

Kishada alianza kulia. Alilia kweli, mabega yanatikisika, dada yake akamshika kichwa. Kisha akasema kwamba kuna timu nyingine inamtaka, kubwa zaidi, na kwamba ikijulikana hakuangalia ubao kwa makusudi, itamwacha. Hakuna timu inayochukua dereva asiyesoma ubao. "Nikisaini tu, nasema. Naapa, shemeji. Nikisaini, nawaita waandishi, nasema yote."

Fundi alimtazama mke wake. Mke wake alitazama mchele.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "wewe una mikono yako. Pikipiki mbovu ziko kila mahali. Huyu ana hiyo moja tu. Na mama hali yake unaiona. Akisikia mwanawe amesema uongo mbele ya dunia nzima, tutamzika. Mpe muda kidogo."

Kana kwamba alijua anatajwa, mama mkwe akaita kutoka chumbani. Fundi alienda. Bibi alikuwa anatazama marudio ya mbio, ile sehemu ya fundi kuning'inia ukutani. Alimshika mkono kwa huruma. "Mkwe wangu," alisema, "kuhesabu tu, baba? Kuhesabu tu kumekushinda?"

Fundi alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akamrekebishia mto.

Kishada alisaini. Fundi akasubiri. Kishada akasema msimu umeanza vibaya, asiwavuruge watu, ngoja uishe. Ukaisha. Akasema sasa kuna mkataba wa pili, msimu mmoja tu, shemeji, nivumilie. Akawa bingwa, na usiku wa ubingwa alipiga simu kwa dada yake akilia kwa furaha, na fundi akasikia kelele za karamu kwenye simu, na hakusikia jina lake. Msimu mmoja tu. Msimu mmoja tu. Kila mwaka ulikuwa na wake. Mama mkwe akafariki akiwa anajua kwamba mkwe wake ni mtu mwema asiyejua kuhesabu. Msibani, mjomba mmoja alihesabu viti kwa sauti, akamkonyeza fundi, na watu wakaziba midomo wasicheke.

Timu nyingine zilimkataa. Alipeleka barua, alikwenda mwenyewe, alisimama kwenye malango ya viwanja na mfuko wake wa spana. Walimjua wote. "Mzee, hapa tunahitaji wa kuhesabu," walinzi walisema. Ndipo akafungua gereji nyuma ya ghala la saruji. Alijaribu kuwaeleza watu, mwanzoni. Walimsikiliza wakitabasamu, kama unavyomsikiliza mlevi anayesema hakunywa. Ushahidi wake ulikuwa umezama kwenye pipa la mafuta machafu. Mashahidi wake walikuwa wawili, na wote wa damu moja. Akaacha kueleza. Kilichobaki mkononi mwake ni kimoja tu: kutoliitikia lile jina. Alijiambia, siku nitakayoliitikia, nitakuwa nimekubali.

Mwaka huu Kishada alistaafu. Mifupa imeungwa kwa pini mpaka akipita kwenye mashine za ukaguzi zinalia. Uwanja ukaandaa siku ya kumuaga, na wiki moja kabla alikuja gerejini mwenyewe, kwa gari lisiloendana na uchochoro ule, akashuka akichechemea.

"Shemeji, njoo," alisema. "Mbele ya watu wote. Siku hiyo nasema."

"Utasema nini?"

"Yote. Nimechoka kuibeba."

Kishada alipoondoka, vijana waliona fundi anafuta spana ileile mara tatu. Aliporudi nyumbani alimwambia mke wake amtolee ile suti ya harusini. Mke wake aliipiga pasi mara mbili. Fundi akanyoa ndevu. Asubuhi ya siku yenyewe alisimama mbele ya kioo, na mke wake, akimrekebisha ukosi, akasema, "Umependeza, baba watoto," na wote wawili walikuwa na aibu kidogo, kama maharusi.

Uwanja ulifurika. Waliwekwa viti vya mbele. Mtoto wa Oili alikuwepo, amenenepa, akamsalimu fundi kwa heshima. Zikapita hotuba, zikapita pikipiki za kizamani, ndipo Kishada akapanda jukwaani na kipaza sauti. Alishukuru timu. Akamshukuru marehemu mama yake. Kisha akatazama viti vya mbele.

"Kuna jambo sijawahi kulisema hadharani," Kishada alianza. "Nyote mnaijua ile siku. Nilipoteza ubingwa wangu wa kwanza kwa sababu ya ubao."

Umati ukacheka kwa upendo.

"Aliyeshika ubao ule ni shemeji yangu. Ndiye aliyenipandisha pikipiki ya kwanza. Watu walimcheka, walimwandama, alipoteza kazi. Na mimi sikusimama kumtetea. Leo nataka mjue." Machozi yalikuwa ya kweli, hilo fundi angeweza kuapa. "Nataka mjue kwamba nilimsamehe siku ileile. Nilikaa kwenye meza yake, nikalia naye, nikamsamehe. Binadamu hukosea. Shemeji, panda huku!"

Watu elfu na elfu walisimama. Mke wa fundi alikuwa analia na kupiga makofi. Mikono ilimsukuma fundi kwenye ngazi, akajikuta juu, amekumbatiwa. Alimtazama Kishada usoni kwa karibu sana, akitafuta ule uongo, auone, aukamate. Haukuwepo. Yule mtu alikuwa anaamini kila neno. Miaka yote hiyo ya kulisimulia kwa waandishi, kwa wapenzi, kwa watoto wake, alishalisugua mpaka limekuwa kweli.

Walimkabidhi zawadi: ubao mpya mweusi, unang'aa, una saini za madereva, na chini umechomekwa vibao vya njano, BADO 1. Kwenye pembe wamefunga kitambaa chekundu. "Bado moja! Bado moja!" uwanja ukaimba. Kipaza sauti kikawekwa mdomoni mwake. Alikitazama. Alisikia pumzi yake mwenyewe imejaa uwanja mzima. Akamtafuta mke wake kwa macho, akamwona amefumbata mikono kifuani, anatikisa kichwa polepole kumsihi.

"Asanteni," fundi alisema.

Walitoka kabla msongamano haujaanza. Alibeba ubao kwapani, mke wake anamfuata, viatu vyake mkononi kwa sababu vilimbana. Karibu na maegesho, mke alisema, "Basi yameisha. Mzigo umetua."

"Umetua wapi?"

"Kakusamehe mbele ya watu wote, unataka nini zaidi?"

Fundi alisimama. "Mama watoto, wewe ulikuwepo. Alikaa kwenye meza yako. Alisema hakuangalia."

Mke alimtazama. Hakuwa na ubishi usoni, wala hila. Alikuwa anajaribu kukumbuka, kwa moyo safi kabisa. "Alisema hakuangalia?" akauliza. "Mimi nakumbuka alisema hakuona." Akakishika kile kitambaa chekundu, akakikunja kunja kidoleni. "Tena miaka yote nimekuwa najilaumu mimi, nilikuwa sijakwambia tu. Nawaza, labda ni hiki kitambaa changu. Upepo ulikipeperusha, kikaifunika ile moja. Kwa hiyo usijitese, si kosa lako peke yako."

Fundi alifungua buti ya gari, akaulaza ubao, akafunga.

Asubuhi yake alifungua gereji kama kawaida. Wale vijana walikuwa wameshaona yote kwenye simu zao. Walikuwa wanamtazama kwa jicho jipya, la kirafiki, na kwa muda hakuna aliyethubutu kumtania. Mwishowe mmoja, ambaye breki yake ilikuwa inapiga kelele, alishindwa kuvumilia.

"Bado Moja!" aliita kutoka barabarani.

Benchi zima likasubiri ainame zaidi kama alivyozoea.

"Naam," fundi alisema. "Ilete hapa kivulini, niione."